Maji Yanayopishana Bila Kugusana

Mwezi uliopita Priscila alinitumia mchoro kwenye simu. Priscila ni mwanafunzi wangu wa zamani. Nilimfundisha fizikia kidato cha tatu na cha nne hapa Ngara, na siku hizi ni mhandisi ng'ambo, kwenye maabara inayotengeneza seli za mafuta. Kwa asiyejua (nami sikujua mpaka aliponieleza mara tatu) seli ya mafuta ni chombo unachokilisha hidrojeni na hewa, nacho kinakupa umeme na mvuke wa maji, bila kelele wala moshi. Aina anayoishughulikia yeye hufanya kazi ikiwa imewaka moto kuliko tanuri la mkate, na ukiipelekea hidrojeni ya baridi ghafla, ndani yake panapasuka. Kwa hiyo kazi yake yote ni kuipasha hidrojeni joto kabla haijaingia, na joto lenyewe analitoa kwenye hewa ya moto inayotoka, ile ambayo ingetupwa tu.

Mchoro ulikuwa na njia mbili zilizolala ubavu kwa ubavu, ukuta mwembamba katikati, na mishale miwili: mmoja unakwenda, mwingine unarudi. Chini ameandika: "Mwalimu, unaona kwa nini mishale haifuatani?" Niliudhika kidogo. Watoto wetu wakishapanda ndege wanaanza kutuuliza maswali kwa sauti ya kutushika mkono. Nikamjibu kwamba naona vizuri sana, tangu Desemba ya mwaka 1997, na aliyenionyesha aliishia darasa la nne. Akauliza ni nani huyo. Jibu lilikuwa refu kuliko simu yangu, ndiyo maana nimeliandika hapa.

Alikuwa anaitwa Habibu, fundi bati. Kwao ni Biharamulo mjini, katika familia ya wafanyabiashara Waislamu ambao babu yao alitoka pwani na mizigo ya nguo enzi za Mjerumani, akafika, akapenda hewa, akabaki. Ndugu zake wote walirithi maduka. Yeye alikaa dukani miaka miwili, akawa anawasahau wateja kwa kuwa alikuwa chini ya meza anafungua kufuli aone linavyofanya kazi. Baba yake alimtoa dukani kwa hasira, na Habibu aliniambia kwamba hajawahi kufurahi kama siku ile.

Wakimbizi walipoanza kumiminika Ngara, walikuja na vyakula vya msaada, na vyakula vya msaada vilikuja na makopo ya mafuta ya kula. Makopo hayo yalikuwa ya bati zuri, jepesi, lisiloshika kutu upesi. Habibu alihama Biharamulo na mkewe Mwanamvua kwa ajili ya makopo, kama wengine walivyohamia machimbo. Akapanga kibanda nyuma ya soko la Ngara, akaanza kutengeneza koroboi, faneli, ndoo, mikebe ya kupimia unga na majiko. Hakuwa na rula. Alipima kwa vidole na shubiri, na alijua unene wa bati kwa kuligonga na kusikiliza. Mikono yake ilikuwa imejaa makovu madogo ya lehemu, na alipokusalimia ulihisi unashika gome la mti. Alikuwa mtu wa maneno machache, mcha Mungu kupita kiasi, na kwa kweli alikuwa ananichosha.

Mimi wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na minne, Mkatoliki wa Bukiriro, mwenye stashahada ya ualimu na kiburi cha kutosha. Nilikuwa nimeomba likizo shuleni nikaajiriwa kambini, kwenye kituo cha lishe cha wakimbizi wa Kirundi, kusimamia stoo na jiko. Kituo kilikuwa cha watoto waliodhoofu sana. Walipewa maziwa maalumu kila baada ya saa nne, kidogo kidogo, kwa kuwa matumbo yao yalikuwa yamesahau kazi. Maziwa yalikuwa ya unga, na muuguzi wetu mkuu, Dafroza, hakuruhusu tone la maji lisilochemshwa kuingia kwenye unga ule. Maji yachemke, kisha yapoe mpaka yawe vuguvugu, kisha yakorogwe. Alikuwa anasimama pale jikoni amekunja mikono, na hakuna aliyethubutu kumdanganya.

Ndipo zikaja mvua za Elnino. Wazee wetu walisema hawajaona mvua za namna ile. Barabara zilikatika, malori ya kuni yakazama kwenye tope njiani, na kuni chache tulizokuwa nazo zililowa mpaka ndani. Vilima vya karibu na kambi vilikuwa vimeshakatwa miti yote miaka ya nyuma. Wiki ya katikati ya Desemba Dafroza alituita akatuambia bila kuzunguka: kuni zilizobaki zinatosha kuchemsha maji ya maziwa mara mbili kwa siku badala ya mara sita. "Kwa hawa watoto," alisema, "mara mbili maana yake ni kwamba tunawachagulia siku ya kufa."

Aliposema hivyo alikuwa anamtazama mtoto mmoja. Aliitwa Bigirimana, alikuwa na miaka miwili na uzito wa kilo sita, na mama yake, Niragira, alikuwa ameshazika watoto wengine wawili njiani kutoka Burundi. Niragira hakuwa analia. Alikuwa anakaa kwenye mkeka na kumhesabia mtoto wake pumzi.

Siku iliyofuata Habibu alikuja stoo kuchukua makopo matupu, kama kawaida yake kila Jumanne. Akapita jikoni. Jikoni palikuwa na Domisiana, mpishi wetu mkuu, mama wa Kihangaza wa kijijini kwetu, mkubwa wa mwili na wa kicheko. Domisiana alikuwa ametoa ndoo za maji yaliyochemka, akazisimamisha kwenye karai kubwa la maji baridi ili zipoe. Maji ya karai yalipopata joto aliyamwaga nje, akaweka mengine. Habibu alisimama akatazama. Akainama, akatia mkono kwenye maji yanayomwagwa.

"Mama, hizi ni kuni mnazimwaga," alisema.

Domisiana alicheka mpaka mabega yakatikisika. Mimi pia nilicheka. Habibu hakucheka. Alinigeukia, akaniuliza taratibu, kama mtu anayeogopa kumkera mwenye elimu: je, haiwezekani haya yanayotaka kupoa yawape joto lao yale yanayotaka kuchemka?

Nilimweleza kwamba inawezekana, lakini nusu tu. Nilichukua kijiti nikaandika kwenye udongo. Maji yetu huchemka kwenye nyuzi tisini na nne, kwa sababu tuko juu milimani. Maji ya kisimani ni nyuzi ishirini. Ukiyakutanisha kwa vipimo sawa yatagawana, kila upande utaishia hamsini na saba, na huo ndio mwisho. Baridi haiwezi kupata zaidi ya hapo, ni sheria, nimeifundisha miaka tisa. Habibu alitazama namba zangu kwa heshima kubwa. Akasema hata hiyo nusu ni nusu ya kuni, na akaomba nimchoree.

Nilimchorea. Najivunia mchoro ule, na baadaye utaona kwa nini ninauonea aibu pia. Mrija wa shaba upite ndani ya bomba la bati. Ndani ya shaba yapite maji yaliyochemka yakitoka, nje yake, ndani ya bati, yapite maji mabichi yakielekea kwenye pipa la moto. Mapipa yawe mawili: moja likishachemka linamwaga polepole, lingine linajaa, kisha tunabadilisha. Bati lilikuwapo tele. Shaba ndiyo iliyokosekana, kwani katika wilaya nzima, wakati barabara zimekatika, utapata wapi mrija wa shaba wa hatua kumi?

Domisiana alikohoa. Akasema anao mmoja nyumbani. Kila mtu pale alijua ni mrija wa nini, nami zaidi ya wengine, kwa maana nilikuwa nimewahi kuketi jikoni kwake Bukiriro zaidi ya jioni moja. Domisiana alikuwa mpishi hodari wa gongo, ile pombe kali ya magendo, kabla ya kuwa mpishi wa maziwa. Mrija ule ulikuwa umekunjwa duara ndani ya pipa la maji baridi, na mvuke wa gongo ulikuwa ukipita humo miaka kumi na tano.

Habibu aliposikia, uso ulimbadilika. Aliondoka na makopo yake. Nikajua mradi umekufa. Lakini kesho yake asubuhi nilimkuta kibandani kwake, mrija uko mbele yake, na amejikunja akiusugua kwa mchanga na majivu. Domisiana alikuwa ameutuma alfajiri.

"Shikamoo, Mzee Habibu."

"Marahaba, Mwalimu. Usinisemeshe nitapoteza hesabu. Hii ni ya nne."

Mkewe, Mwanamvua, alikuwa mlangoni anachambua mchele. "Mwambie wewe, Mwalimu, labda atakusikia," alisema. "Mara moja inatosha, nimemwambia. Yeye anaosha mara saba, utadhani mbwa ameulamba."

"Mtoto wa mtu atakunywa hapa," Habibu alisema bila kuinua kichwa. "Nataka nikiulizwa nijibu."

Aliuosha mara saba. Kisha akaujaza mchanga mkavu ili usibonyee, akaupasha moto, akaukunjua kidogo kidogo mpaka ukanyooka kama kamba iliyovutwa. Jinsi alivyokunja bati kuuzunguka, kopo baada ya kopo, kila kiungo kikitiwa lehemu na kugongwa na kusikilizwa, ilinichukua siku nne kutazama bila kuchoka, nami ni mtu wa kuchoka upesi.

Tuliufunga ukutani mwa jiko kuanzia mwisho hadi mwisho. Tukafuata mchoro wangu: maji ya moto na maji baridi yakaingia upande mmoja, yakasafiri pamoja, yakatokea upande mwingine. Nilikuwa na kipimajoto cha shule. Maji mabichi yalitoka nyuzi hamsini na tano, yaliyochemka hamsini na saba. Nilipiga kofi. Namba zangu zilikuwa zimetii hadharani, mbele ya wapishi wote, na nilikuwa karibu kuwahutubia.

"Mwarimu," alisema Domisiana, ambaye r na l kwake ni ndugu, "umeyaerekeza vibaya."

Nilimwuliza ameona wapi sheria nyingine. Akasema kwenye gongo. Kwenye gongo, alieleza, mvuke unaingia kwa juu na kushuka, lakini maji baridi ya kupoza huyaingizi juu. Unayaingiza chini, pale gongo inapodondokea, na unayatoa juu yakiwa yamewaka. Ukikosea ukayaingiza juu, unapoteza maji mengi na gongo inatoka inafuka. Mama yake alimfundisha hivyo, na mama yake alifundishwa na shangazi. "Vyenye kupeana joto vipishane," alisema. "Visifuatane."

Nilimwambia haiwezi kuleta tofauti. Niliseme wazi, kwa kuwa nimezeeka na sina cha kuficha: nilimwambia hivyo kwa sauti ya darasani, na nikaongeza kwamba fizikia haitoki kwenye pipa la gongo. Habibu alitutazama wote wawili. Kisha, bila kutetea upande wowote, alichukua koleo, akahamisha kiungo cha maji baridi akakipeleka mwisho wa pili.

Tulingoja. Nikatia kipimajoto kwenye maji mabichi yanayoingia pipani. Zebaki ilipanda hadi hamsini na saba, na nikangoja isimame, kwa kuwa pale ndipo sheria yangu iliposema isimame. Haikusimama. Ilipita sitini. Ilipita sitini na tano. Ilipofika sabini nilikitoa kipimajoto nikakikung'uta, nikakitia kwenye maji yanayochemka kuona kama kimeharibika. Kikasoma tisini na nne. Nikarudi upande mwingine, kule maji yaliyochemka yanakotokea tayari kwa maziwa. Arobaini na moja! Vuguvugu lenyewe, lile ambalo Dafroza hulipima kwa kiwiko.

Maji yaliyokuwa ya baridi yametoka yakiwa ya moto kuliko maji yaliyokuwa ya moto. Niliketi kwenye gogo. Sijui nieleze vipi hali niliyokuwa nayo. Nimeona radi ikipiga mti, nimeona umati wa watu robo milioni ukivuka mto kwa siku mbili, lakini sikuwahi kuhisi nywele za mkono zikisimama kwa sababu ya namba.

Baadaye nilielewa, na wanafunzi wangu wote tangu hapo wameelewa, Priscila akiwamo. Maji yakifuatana, yanagawana mpaka yanalingana, kisha hayana la kupeana tena. Lakini yakipishana, ni kama mtu anayepanda kilima akikutana na wanaoshuka: kila anayekutana naye ametoka juu kidogo kumzidi. Baridi inayopanda kila hatua inakutana na joto linaloizidi, mpaka inafika karibu na kileleni. Sheria yangu ilikuwa sahihi kwa maji yanayochanganyika kwenye ndoo. Sikuwahi kujiuliza kuhusu maji yanayotembea.

Habibu yeye hakushangazwa na sabini. Kilichomshughulisha kilikuwa kingine. Maji mabichi na maji safi yanapita unene wa ngozi ya kitunguu kutoka yalipo mengine. Ana uhakika gani hayagusani? Akamimina kilo mbili za chumvi kwenye maji mabichi, akaacha mtambo ufanye kazi, akamwita Domisiana aonje yale safi yanayotoka. Domisiana alionja mara tano, macho ameyafumba. Hakuna chumvi. Habibu alirudia siku mbili mfululizo. Akawa anasimama pale ukutani ameweka kiganja juu ya bomba, na siku moja nilimsikia akijisemea: "Joto limevuka, chumvi imebaki. Subhanallah." Priscila anasema hilohilo ndilo linalomnyima usingizi huko aliko, ukuta mwembamba kiasi cha kupitisha joto na mgumu kiasi cha kuizuia hidrojeni isikutane na hewa, kwa kuwa vikikutana hapo, hakuna maabara tena. Ila yeye ana mashine za kupimia. Habibu alikuwa na chumvi na ulimi wa Domisiana.

Dafroza alikagua, akauliza maswali, akakubali. Mzigo wa kuni uliokuwa unachemsha mara mbili sasa ungechemsha mara sita. Siku ya kuanza rasmi ilikuwa Ijumaa, siku ya tatu ya mwezi wa Ramadhani, kwa kuwa Ramadhani ya mwaka ule iliingia na mwaka mpya. Asubuhi kuni mbichi zilitusumbua, hivyo watoto walikuwa hawajapata kitu tangu jana jioni. Saa sita mchana maziwa yakawa tayari. Vikombe vikapangwa. Akina mama wakaitwa.

Hakuna aliyekuja.

Walikuwa wamesimama kwenye mvua nyepesi, watoto mgongoni, wanatazama bomba. Domisiana alikwenda akazungumza nao, maana Kihangaza na Kirundi vinasikilizana. Alirudi amenywea. Maneno yalikuwa yamezunguka kambi. Bomba hilo ni la gongo. Maji machafu yanaingia huku, masafi yanatoka kule, na hayakutani, ni kitu gani hicho kama si dawa ya kuroga mtu? Na watu hawa, Mwalimu, alisema, wametoka mahali ambapo kinywaji kilitolewa kwa tabasamu na aliyekinywa hakuamka. Kwao ni desturi ya tangu zamani, hata kwetu Bukiriro ipo: anayekupa kinywaji hukionja kwanza yeye, mbele ya macho yako. Hapo ndipo unapokea.

"Basi tuonje," nilisema. Nikanywa kikombe kizima mbele yao. Domisiana akanywa viwili. Wale akina mama walitutazama bila kusogea. Niragira ndiye aliyesema, sauti ndogo, mtoto amemwegemea shingoni kichwa kikiwa hakijishiki. Domisiana alinitafsiria: ninyi wawili mnalishwa na kituo, mtakunywa mtakachoambiwa. Anywe yule aliyetengeneza.

Akamwonyesha Habibu kwa kidevu.

Habibu alikuwa pembeni na kanzu yake ya Ijumaa, anangoja aone mtambo ukifanya kazi kabla ya kwenda msikitini. Mkewe aliwahi kuniambia kwamba hajaacha siku moja ya saumu tangu akiwa na miaka kumi na miwili, hata mwaka alioumwa malaria akakaribia kupoteza fahamu, alikataa maji mpaka jua lizame. Nilimfuata haraka. Nilimwambia nitawaeleza akina mama kwamba amefunga, kwamba wavute subira mpaka magharibi, kisha atakunywa mbele yao. Akaniuliza ni saa ngapi. Nikamwambia saa sita na robo. Akamtazama Dafroza. Dafroza alikuwa amepiga magoti karibu na Niragira, ameshika kifundo cha mkono wa mtoto, na alitikisa kichwa mara moja tu. Magharibi ilikuwa mbali sana kwa mtoto yule.

"Usiwaambie kwamba nimefunga," Habibu alisema. "Watanionea huruma, na mtu akikuonea huruma anakubali hata asichokiamini. Nataka waamini."

"Mzee, na saumu yako?"

"Siku nitailipa baada ya Idi, Mwalimu. Mtoto nitamlipa na nini?"

Alichukua kikombe cha bati, mojawapo ya vile alivyotengeneza mwenyewe. Akakikinga kwenye koki, akakijaza maji mpaka ukingoni. Akatembea nacho kwenye tope mpaka mbele ya akina mama, akasimama hatua mbili kutoka kwa Niragira. Nilimwona akitazama juu, mahali ambapo jua lingekuwa kama mawingu yasingekuwapo. Midomo ikacheza kidogo. Kisha akanywa. Hakuonja, alikunywa taratibu mpaka mwisho, koo likipanda na kushuka, wote tukitazama, na alipomaliza akakigeuza kikombe chini juu. Halikudondoka hata tone.

Nilikuwa nimeshangaa mbele ya namba sabini. Mbele ya mtu yule na kikombe kitupu nilivua kofia.

Niragira alikuwa amemwona akitazama juu na midomo ikicheza. Akamwuliza Domisiana jambo, na Domisiana, ambaye hakuwa amekatazwa chochote na mtu yeyote, na ambaye katika maisha yake hajawahi kutunza siri hata ya mrija, akamwambia: mzee huyu ni Mwislamu, huu ni mwezi wao, na mpaka jua lizame hakutakiwa hata kumeza tone. Alimwambia kwa Kirundi, lakini Habibu alielewa kutokana na jinsi wanawake wote walivyogeuza nyuso kumtazama. Akainamisha kichwa kama mtu aliyefumaniwa.

Niragira akafungua kitenge, akamshusha Bigirimana kutoka begani, akapiga hatua mbili kwenye tope na kumweka mikononi mwa Habibu.

"Mpe wewe," alisema, kwa Kiswahili.

Nadhani Habibu hakuwa amebeba mtoto kwa muda mrefu, wa kwao walikuwa wakubwa. Alimpokea kama anavyopokea bati jipya, viganja vikiwa wazi, anaogopa kumkunja. Domisiana akaleta kikombe cha maziwa. Fundi akachuchumaa palepale kwenye mvua na kanzu yake nyeupe, akaweka ukingo wa kikombe kwenye mdomo wa mtoto, akangoja. Maziwa ya kwanza yalimwagika kidevuni. Ya pili pia. Habibu akamfuta kwa kidole chenye makovu, akasema "Bismillah" kwa sauti ya chini, akajaribu tena. Tuliona koo dogo likicheza mara moja, kisha mara ya pili. Nyuma yangu akina mama walikuwa wameanza kupanga mstari, nikasikia vikombe vikigongana.

Bigirimana alikunywa kikombe chote, akalia akitaka kingine.